UZI: Roberto Clemente alikuwa nani uwanjani? Misimu 18 ya mlinzi wa kulia wa Pittsburgh Pirates

#1 – Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Siku hizi kila ifikapo tarehe 15 Septemba ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, humuenzi Roberto Clemente. Na kila mara makala zinazosambaa huanza na ajali ya ndege na kuishia kwenye ajali ya ndege. Ile safari ya kupeleka misaada Nicaragua ilikuwa tendo kubwa la utu, silipunguzi hata chembe. Kinachoniuma ni kwamba mtu anaweza kusoma makala tano na asijue jamaa alikuwa anafanya nini uwanjani. Uzi huu ni wa kazi yake. Nitashusha kwa mafungu, mwenye swali aulize.

Kwa wageni wa mchezo, kwa kifupi tu. Timu ina watu tisa uwanjani. Mmoja anarusha mpira, mpinzani anasimama na gongo. Akiupiga anakimbia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anarudi nyumbani alipoanzia, hapo timu yake inapata alama. Akizunguka zote na kurudi nyumbani kwa pigo moja, hiyo ni homurani. Timu hupiga kwa zamu, na watatu wakitolewa zamu ya timu inaisha. Mpigaji akiupiga mpira na kufika besi salama kwa nguvu ya pigo lake, hiyo inaitwa hiti. Besi hadi besi ni futi 90, kama mita 27. Huko nyuma kabisa kwenye nyasi wanasimama walinzi watatu wa nje: kushoto, kati na kulia. Wa kulia ndiye aliye mbali zaidi na besi ya tatu, kwa hiyo makocha humpanga pale mwenye mkono wenye nguvu. Clemente alikaa pale kuanzia 1955 hadi 1972, klabu moja tu, Pittsburgh Pirates.

Alizaliwa 18 Agosti 1934 huko Carolina, Puerto Rico, kitinda mimba wa Melchor na Luisa. Baba alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya miwa. Sekondari kijana alikuwa anarusha mkuki, na wengi huamini mkono ule ulianza kukomaa huko. Besiboli ya kulipwa aliianza na Cangrejeros ya Santurce kwenye ligi ya majira ya baridi ya kwao, na msimu wa 1954/55 alicheza nyasi zile zile na nyota Willie Mays. Mpigaji wa upande wa pili alikuwa anainua macho na kukuta wale wawili wanamsubiri kule nyuma.

#2

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, mimi nilisikia alisajiliwa na Brooklyn Dodgers wakamtema. Hili likoje?

#3 – Mleta uzi

Hawakumtema, walimpoteza. Dodgers walimsaini Februari 1954 kwa bonasi ya dola 10,000. Kanuni ya wakati ule ilisema hivi: ukimpa kijana mpya bonasi inayozidi dola 4,000, ama umweke kwenye kikosi kikubwa, ama ukimpeleka timu ya chini ukubali kwamba msimu ukiisha klabu nyingine inaweza kumchukua. Dodgers wakampeleka Montreal Royals, timu yao ya chini huko Kanada, na mara nyingi akawa anakaa benchi. Wapo wanaoamini walikuwa wanamficha maskauti.

Kama walikuwa wanamficha, hawakufanikiwa. Skauti wa Pirates, Clyde Sukeforth, alikwenda kumtazama mrushaji mwingine kabisa, akamwona kijana anarusha mipira ya mazoezi kabla ya mchezo. Ikatosha. Pirates walikuwa wameshika mkia msimu ule, kwa hiyo walikuwa na haki ya kuchagua wa kwanza, na 22 Novemba 1954 wakamchukua kwa dola 4,000. Mchezo wake wa kwanza MLB ulikuwa 17 Aprili 1955, na mpinzani alikuwa nani? Brooklyn Dodgers hao hao. Alipata hiti zamu yake ya kwanza.

#4

Dola 4,000! Hiyo ni biashara ya karne.

#5 – Mleta uzi

Fungu la pili. Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye mchezo mmoja, maana unamweleza Clemente kuliko jedwali lolote.

25 Julai 1956, Forbes Field, Pittsburgh dhidi ya Chicago Cubs. Zamu ya mwisho, Pirates wako nyuma 8–5. Besi zote tatu zina wakimbiaji, hakuna aliyetolewa. Cubs wanaleta mrushaji mpya, Jim Brosnan. Mpira wake wa kwanza kabisa, Clemente anauchapa juu ya upande wa kushoto wa kati, unagonga huko nyuma na kuanza kudunda kwenye nyasi. Wa kwanza anafika nyumbani, wa pili, wa tatu. Sasa ni 8–8. Clemente mwenyewe anaikaribia besi ya tatu, na pale amesimama kocha wake, Bobby Bragan, mikono juu, anamwambia simama. Ilikuwa hesabu sahihi ya kocha: hakuna aliyetolewa, kuna wapigaji wengine wanakuja, ya nini kuhatarisha? Clemente akampita bila kupunguza mwendo, akaenda mzima mzima nyumbani, akafika. 9–8, mchezo umekwisha.

Kupiga homurani ya alama nne bila mpira kutoka uwanjani, na papo hapo ukamaliza mchezo: katika kumbukumbu zote za MLB zinazojulikana, ni yeye peke yake. Alikuwa na miaka 21.

Mkitaka kumfahamu, shikeni hilo. Hakuna mpira aliouhesabu kuwa umekufa. Hata akiugonga mpira mwepesi ukatambaa kwa mlinzi wa ndani, alikimbia kama anafukuzwa. Na kukimbia huko ndiko kulikobadilisha fainali ya 1960, nakuja hapo.

#6

Mimi ni mpenzi wa Willie Mays na Hank Aaron kwa hiyo nitasema ukweli wangu. Aaron ana homurani 755, Mays 660. Huyu wako ana 240. Walinzi wa nje wote watatu, enzi ile ile, ligi ile ile. Tusikuze mambo kwa sababu ya huruma ya kifo chake.

#7 – Mleta uzi

Mkuu #6, hoja yako nzuri na ndiyo hasa niliyoanzishia uzi. Kwanza sisemi alikuwa mpigaji wa homurani kuliko Aaron. Hakuwa, na wala hakujaribu kuwa. Forbes Field upande wa kulia kwenye mstari ulikuwa futi 300 tu, lakini kushoto kuelekea kati ukuta ulifika futi 457, kama mita 139. Mpigaji wa mkono wa kulia anayetaka homurani pale alikuwa anapeleka mipira yake makaburini. Clemente akajenga upigaji mwingine: mipira ya chini na mikali, inayopita kati ya walinzi, inayompeleka mpaka besi ya pili na ya tatu. Ndiyo maana ana tripo 166, yaani mara 166 alipiga na kufika besi ya tatu kwa pigo moja.

Wastani wake wa kupiga kwa maisha yote ni .317. Maana yake, kwenye kila zamu 1,000 za kupiga alipata hiti 317. Katika mchezo huu atakayefikisha 300 ni nyota. Alikuwa bingwa wa wapigaji wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, mara nne: 1961 kwa .351, 1964 kwa .339, 1965 kwa .329 na 1967 kwa .357. Aaron, kwa heshima zote, aliupata ubingwa huo mara mbili, Mays mara moja. Mwaka 1966, ambao hakuwa bingwa wa wapigaji, alipiga homurani 29, akaingiza alama 119, na akapewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi.

Na bado sijagusa ulinzi.

#8

Gusa ulinzi basi mkuu, huko ndiko tunakosubiri.

#9 – Mleta uzi

Mlinzi wa nje akiudaka au kuuokota mpira na kuurusha, na mkimbiaji akatolewa kwa sababu ya mrusho ule, anahesabiwa asisti. Clemente ana 266, na mara tano aliongoza walinzi wote wa nje wa ligi yake. Tuzo ya Gold Glove, ya mlinzi bora wa nafasi, aliichukua mara 12 mfululizo kuanzia 1961 hadi 1972, mpaka mwaka aliofariki. Kwa walinzi wa nje hakuna aliyemzidi. Aliyelingana naye ni Mays wako, mkuu #6.

Ila hiyo 266 inamdhulumu. Baada ya miaka michache wakimbiaji waliacha kumjaribu. Mpira ukienda kulia, mtu aliyekuwa besi ya kwanza ambaye kwa mlinzi mwingine angekimbia mpaka ya tatu, kwa Clemente alisimama ya pili akatulia. Hilo haliandikwi popote. Hakuna safu ya takwimu za enzi ile inayohesabu waliobaki walipo kwa woga.

Angalieni mchezo wa pili wa fainali za 1971 kule Baltimore. Frank Robinson anapiga mpira wa juu kulia, karibu na mstari. Clemente anaudaka akiwa anakimbia kuelekea nje ya uwanja, yaani mwili wote unaelekea upande usiofaa. Anajizungusha hewani na kuuachia kwenda besi ya tatu. Mkimbiaji, Merv Rettenmund, aliponea chupuchupu. Hakutolewa! Mrusho ambao haukuleta asisti wala alama, na mpaka leo wazee wa Baltimore wanausimulia. Pirates walichapwa mchezo ule 11–3, na bado ndio unaokumbukwa.

#10

Mkuu ulisema unakuja kwenye 1960.

#11 – Mleta uzi

Naam. World Series 1960, yaani fainali ya MLB, Pirates dhidi ya New York Yankees ya Mickey Mantle. Pittsburgh walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu 1925. Clemente alipata hiti katika michezo yote saba.

Mchezo wa saba, Forbes Field, zamu ya nane, Pirates wako nyuma. Watu wawili wameshatolewa. Clemente anaugonga mpira dhaifu unaotambaa kuelekea besi ya kwanza. Mlinzi wa pale, Bill Skowron, anauokota, anageuka kumpa mrushaji ambaye alitakiwa awe amekimbia kuifunika besi. Mrushaji, Jim Coates, hajafika. Clemente ameshapita. Alama moja ikaingia, na mpigaji aliyefuata, Hal Smith, akapiga homurani ya alama tatu. Bila mbio zile zamu ilikuwa imekwisha. Yankees wakasawazisha zamu ya tisa, kisha Bill Mazeroski akapiga homurani maarufu iliyomaliza fainali 10–9.

Dunia inamkumbuka Mazeroski, sawa. Lakini wapiga kura wa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka ule walimweka Clemente nafasi ya 8. Aliumia moyoni mno, na sioni kosa lake kuumia.

#12

Nafasi ya 8 si bahati mbaya. Mimi niko Pennsylvania, jimbo la Pittsburgh, miaka mingi na wazee wa hapa wakikusimulia unaelewa. Magazeti yalikuwa yanamnukuu kwa kuandika lafudhi yake ya Kiingereza kama ilivyosikika, ili aonekane hana akili. Kadi za wachezaji zilimwandika "Bob" wakati jina lake ni Roberto na alishasema hataki. Akisema mgongo unauma wanasema mvivu, anajifanya mgonjwa. Mtu alipata ajali ya gari 1954, mgongo ukamsumbua maisha yote, na bado kacheza michezo 2,433 kwa Pirates.

#13 – Mleta uzi

Asante sana ndugu #12. Na tusisahau alikuwa anabeba ubaguzi wa aina mbili, wa rangi na wa lugha. Kambi ya mazoezi ya Pirates ilikuwa Fort Myers, Florida. Wachezaji weupe walilala hotelini, weusi walitafutiwa nyumba upande mwingine wa mji. Safarini basi likisimama mgahawani, weusi wanabaki ndani wasubiri wenzao wawaletee chakula. Clemente aliwaambia wenzake wasikubali kula hivyo, akapeleka malalamiko kwa uongozi mpaka wakapewa gari lao.

Aprili 1968 Martin Luther King alipouawa, wachezaji wa Pirates, Clemente akiwa mbele, walikataa kucheza kabla King hajazikwa, na mchezo wao wa kufungua msimu ukasogezwa. Na 1 Septemba 1971 Pirates wakaingia uwanjani na kikosi cha kuanza ambacho wote tisa walikuwa weusi au Walatino, kwa mara ya kwanza katika historia ya MLB. Clemente alikuwa kulia, kama kawaida.

#14

Mkuu, 1971 ndiyo fainali aliyokuwa mchezaji bora?

#15 – Mleta uzi

Ndiyo, na kwangu hii ndiyo kilele. Ana miaka 37. Baltimore Orioles ni mabingwa watetezi, wana warushaji wanne walioshinda michezo 20 kila mmoja msimu ule. Pirates wanapoteza miwili ya kwanza. Clemente anapiga .414, hiti 12, na kwa mara nyingine anapata hiti katika michezo yote saba. Kwa hiyo amecheza michezo 14 ya World Series maishani na hakuna hata mmoja aliotoka mikono mitupu.

Mchezo wa saba, zamu ya nne, watu wawili wameshatolewa, hakuna alama. Mrushaji ni Mike Cuellar. Clemente anafanya kama alivyofanya kila akiingia: anasogea taratibu, anaizungusha shingo upande huu na ule mpaka mifupa ikae sawa, anasimama mbali na sahani ya nyumbani. Mpira wa kwanza, homurani. Pirates walishinda 2–1, Steve Blass akirusha mwanzo hadi mwisho. Alama ya pili ilitokana na pigo la José Pagán, Mpuerto Rico mwenzake.

Baada ya mchezo, kwenye chumba cha kubadilishia, kamera za televisheni ya taifa zikiwa usoni mwake, kabla ya kujibu kwa Kiingereza aliomba nafasi aseme na wazazi wake kwa Kihispania. Aliwapa watoto wake baraka, akaomba wazazi wake wambariki. Miaka 16 walimcheka kwa lugha yake, na siku dunia nzima inamtazama akaanza nayo.

#16

Hapo umenigusa mkuu. Kuomba radhi na baraka za wazazi mbele ya watu wote, hilo sisi tunalielewa bila kufafanuliwa.

#17

Mimi sijui besiboli kabisa ila nasoma mpaka mwisho. Hizo hiti 3,000 zinazosemwa zilikuwaje?

#18 – Mleta uzi

Karibu sana dada #17. Mwaka 1972 alibakiza chache kufika 3,000, idadi ambayo kabla yake walikuwa wameifikia watu 10 tu. 29 Septemba, dhidi ya Mets na mrushaji Tom Seaver, alipiga mpira ukamshinda mlinzi wa besi ya pili. Uwanja ukalipuka, watu wakajua tayari. Mwandishi rasmi wa mchezo akaamua ni kosa la mlinzi, si hiti. Clemente alikasirika.

Kesho yake, 30 Septemba, Three Rivers Stadium, zamu ya nne, mrushaji ni kijana Jon Matlack. Safari hii hakumpa mtu nafasi ya kubishana: mpira mkali kushoto kuelekea kati, yeye akasimama besi ya pili, akavua kofia. Hiti ya 3,000 kamili. Hakupiga tena hiti nyingine kwenye msimu wa kawaida, maana kocha alimpumzisha kwa ajili ya mchujo.

#19

Na ajali yenyewe? Wengine husema ilikuwa ndege ya serikali.

#20 – Mleta uzi

Hapana. Tetemeko la ardhi lilipiga Managua, mji mkuu wa Nicaragua, 23 Desemba 1972. Clemente alikuwa ametoka huko mwezi uliotangulia, akiifundisha timu ya Puerto Rico kwenye mashindano ya dunia ya ridhaa, kwa hiyo aliwajua watu wa pale. Alikusanya misaada, ikatumwa, kisha zikaja habari kwamba watu wa Somoza, mtawala wa Nicaragua, wanaipora. Akaamua aisindikize mwenyewe. Ndege ilikuwa ya mizigo ya kukodi, DC-7 kuukuu, yenye hitilafu na iliyozidishiwa uzito. Iliruka San Juan usiku wa 31 Desemba na kuanguka baharini muda mfupi baadaye. Walikuwa watu watano. Mwili wake haukupatikana. Manny Sanguillén, mdakaji wa Pirates na rafiki yake, alikuwa baharini akipiga mbizi kumtafuta wakati wenzake wako kwenye ibada ya kumwombea.

Mwaka 1973 kanuni ya kusubiri miaka mitano baada ya kuacha kucheza iliondolewa kwa ajili yake, akaingia Hall of Fame, jumba la heshima la besiboli, kwa kura 393 kati ya 424, mchezaji wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini.

#21

Kuna lolote linalotuhusu sisi huku? Au ni habari za mbali tu.

#22

Nijibie mimi, niko Kampala. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, kule Williamsport, jimbo hilo hilo la Pennsylvania, na wakashinda mchezo mmoja dhidi ya timu ya Oregon, 3–2. Mwaka 2022 Dodgers wakasaini vijana wa Uganda. Huku mtoto akianza kufundishwa nafasi ya kulia, anaambiwa kwanza arushe mpaka besi ya tatu.

#23

Swali la mwisho kwangu. Namba 42 ya Jackie Robinson ilistaafishwa na ligi nzima 1997. Kwa nini 21 ya Clemente bado? Pirates peke yao ndio wameistaafisha.

#24 – Mleta uzi

Mjadala huu ni mkubwa kweli na watu wa Puerto Rico wamegawanyika kidogo sana, wengi wanataka istaafishwe. Tayari wachezaji wengi wa kisiwa hicho hawaivai kwa hiari yao. Ligi imeruhusu ivaliwe kwenye siku yake ya kumbukumbu, na kuna tuzo ya kila mwaka yenye jina lake kwa mchezaji anayesaidia jamii. Uwanja wa sasa wa Pirates una ukuta wa kulia wenye urefu wa futi 21 kwa ajili yake, na daraja la kuingilia uwanjani lina jina lake.

Mimi naunga mkono istaafishwe, na sababu yangu si ajali. Robinson alifungua mlango kwa weusi wa Marekani. Clemente ndiye aliyewafanya Walatino wadai heshima kwa majina yao na lugha yao wakiwa tayari ndani. Leo orodha yoyote ya wachezaji wa MLB imejaa watu wa Jamhuri ya Dominika, Venezuela, Puerto Rico na Kuba. Mkuu #6 kama una hoja ya kupinga ilete, najua Mays hana namba iliyostaafishwa na ligi nzima na hilo nalo lina uzito wake.

#25

Mimi #6. Kwenye homurani sijabadilika. Ila nimetoka kutazama ule mrusho wa 1971, mara tatu mfululizo. Ile mipira 266 sasa naielewa. Kuhusu namba 21 niacheni nifikirie, nitarudi kesho na hoja ya Mays.